Mkate wa Waziri Mkuu

Kuna maswali ambayo Toronto hayaulizwi. Mwulize mtu nyumba yake ameinunua kwa bei gani, atakutajia mpaka riba ya benki. Mwulize amepunguza kilo ngapi, atafungua simu akuonyeshe picha za zamani, tena bila nguo za kutosha. Lakini mwulize anasali wapi, utamwona ghafla anajipapasa mifuko kutafuta funguo za gari.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu tunajua nani anasali wapi, nani hakuonekana wiki iliyopita, na alikuwa kwa nani. Marais wetu tunawataja kwa dini zao bila kushika daftari: Nyerere Mkatoliki, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki, Samia Mwislamu. Hakuna kifungu cha katiba kinachosema zamu iende hivyo, na kigogo yeyote wa chama ukimwuliza atakuapia kuwa imetokea tu. Serikali nayo imejitia haitaki kujua. Sensa ya Tanzania iliuliza dini kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Tangu hapo karani anakuja na madodoso marefu, anataka kujua una mbuzi wangapi na choo chako ni cha aina gani, lakini dini hagusi. Kazi hiyo tumeachiwa sisi wa barazani, na hatujawahi kuchelewesha matokeo.

Canada wameigeuza kanzu. Hapa ni serikali inayouliza dini kwenye sensa, kila baada ya miaka 10, na mwaka 2021 zaidi ya theluthi moja ya watu wote walijibu kuwa hawana. Raia kwa raia ndio hawaulizani. Mgeni akifika anadhani ameingia nchi ya watu waliostaarabika, ambao imani ya mtu ni siri yake na Mola wake. Asubiri uchaguzi. Au asubiri msiba.

Msiba ninaousema ni wa Julai 2009. Alikuwa amefariki Roméo LeBlanc, aliyepata kuwa Gavana Mkuu, na maziko yakafanyika Memramcook, New Brunswick, kwa misa ya Kikatoliki. Waziri Mkuu wa wakati huo, Stephen Harper, alikaa mbele kama itifaki inavyotaka. Harper si Mkatoliki, ni Mprotestanti wa kanisa la kilokole. Askofu Mkuu akapita na hostia, ule mkate wa komunyo, akampa mkononi, Harper akaipokea. Mpaka hapo kamera ziliona. Baada ya hapo kamera zikaangalia pembeni, na nchi nzima ikaachwa njia panda: ameila au hakuila?

Gazeti moja la Saint John, Telegraph-Journal, likaandika kuwa aliitia mfukoni. Bwana wee! Nchi yenye mafuta, mbao na majeshi Afghanistan ikawa inajadili mfuko wa koti. Wakatoliki wakasema, kama ameiweka mfukoni ametukufuru. Wengine, Wakatoliki hao hao, wakasema, kama ameila ndiyo mbaya zaidi, maana si wa kwetu. Msemaji wake akaapa imeliwa. Mwenyewe akasema ameila. Wapinzani wakaipitia video polepole, kama refa anayetafuta mkono ndani ya boksi. Tarehe 28 mwezi huo gazeti likaomba radhi ukurasa wa kwanza, likakiri kuwa habari ya mfuko haikuwa na ushahidi wa kuaminika, na mhariri akapoteza kazi.

Kisa hiki nimekirudia kwa watu wengi na bado kinanikera. Kipande chembamba kama karatasi, hakishibishi hata kuku, kimekula ajira ya mtu. Na katika wiki zote hizo sikumbuki aliyeuliza kama Harper alikuwa anamsikitikia marehemu.

Stockwell Day alionja mapema zaidi. Mwaka 2000 aliongoza chama cha Canadian Alliance kwenye uchaguzi, na akakataa kufanya kampeni siku ya Jumapili. Hilo peke yake lingemtosha. Ikatoka habari kuwa anaamini dunia ina miaka elfu chache tu na binadamu aliishi pamoja na madainosa. Mpiga debe mmoja wa chama cha Liberal, Warren Kinsella, akaenda kwenye televisheni na mwanasesere wa Barney, lile dainosa la zambarau la watoto. Basi. Sera za kodi, za hospitali, zote zikafunikwa na dude la kitambaa. Jean Chrétien, kiongozi wa Liberal na Mkatoliki aliyekuwa hasemi sana habari za Ukatoliki wake, akashinda bila kutoka jasho.

Akaja Andrew Scheer, Mkatoliki aliyeongoza chama cha Conservative, mwaka 2019. Waandishi walimwandama na suala la utoaji mimba mpaka Oktoba, siku moja baada ya mdahalo wa televisheni kwa Kifaransa, akatamka kuwa yeye binafsi anaupinga ila hataligusa jambo hilo akichaguliwa. Akashindwa uchaguzi. Wakamfuata tena kumwuliza kama anaona ushoga ni dhambi, akazungukazunguka, na Desemba akatangaza kuachia uongozi. Justin Trudeau aliyemshinda ni Mkatoliki vilevile. Tofauti ni kwamba Trudeau hakuna aliyemshuku kuwa anamaanisha.

Na hapo ndipo nilipowaelewa wenyeji wangu. Canada kiongozi anasamehewa kuwa na dini, mradi asionekane kuiamini sana. Kwetu anasamehewa kutoiamini kabisa, mradi aonekane anayo.

Ushahidi wa upande wetu niliupata kwa kinyozi wangu, Mkenya wa Scarborough mwenye maradhi ya kunyoa kwa mdomo. Ilikuwa Julai 2025, siku zile Daily Nation lilipotoa habari kuwa Rais Ruto anajenga kanisa ndani ya Ikulu ya Nairobi, la watu elfu nane. Upande wa kushoto wa kichwa changu ulishamalizika. Alipofika kisogoni akazima mashine.

"Elfu nane!" akamwambia mzee aliyekaa kusubiri. "Ikulu ina wapishi wangapi?"

"Kwani kujenga kanisa ni dhambi?" mzee akauliza. "Amesema ni pesa zake. Amesema alikuta la mabati."

"Ndio nauliza, mzee wangu. Zake kutoka wapi?"

"Shetani ndiye anaumia," mzee akasema, akirudia karibu maneno ya rais mwenyewe, ambaye alishasema hamwombi mtu radhi.

Nikakaa na nusu kichwa huku wakizihesabu harambee za makanisani moja moja, mpaka wakafika Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo alipoagiza fedha alizotoa rais kwenye kanisa moja la Soweto, Kayole, zirudishwe. Kinyozi akapiga makofi. Mzee akasema askofu angezipokea kimya na paa lingeisha. Nikajaribu kukohoa. Kinyozi akanitazama kwenye kioo kama mtu anayejiuliza huyu kaingia saa ngapi.

Nirudi Toronto, maana kuna mambo wenyeji wanayasahau kwa makusudi. Mji huu unaojifanya hauna habari na dini ya mtu ulikuwa ukifunga kwa minyororo bembea za watoto bustanini kila Jumapili. Kiti cha meya kwa miongo mingi kilikuwa kama mali ya Waprotestanti wa Orange Order. Mwaka 1954 Leslie Saunders, akiwa ndiyo kwanza amekikalia, akatoa barua ya kuisifu Orange kwenye karatasi rasmi za ofisi ya meya, kwa ajili ya sikukuu yao ya Julai 12. Watu wakachoka. Desemba wakamchagua Nathan Phillips, Myahudi, akakaa mpaka 1962. Leo ule uwanja mbele ya ukumbi wa jiji unaitwa kwa jina lake, na wajukuu wa Orange huanguka pale kwenye barafu kila kipupwe.

Mzee mmoja tu aliwapita wote kwa ujanja: William Lyon Mackenzie King. Aliongoza Canada zaidi ya miaka 21, Mpresbiteri mtulivu wa kuvaa suti ya vipande vitatu. Alipokwisha kufa mwaka 1950 ndipo watu wakajua alikuwa akienda kwa waaguzi na kuongea na marehemu mama yake, na hata na mbwa wake marehemu. Amezikwa hapa hapa, makaburi ya Mount Pleasant. Mtu wa Pemba akisikia habari hizo hashangai hata kidogo, atauliza tu mganga alikuwa nani.

Mwanasiasa Jagmeet Singh hana bahati ya kuficha, imani yake iko kichwani. Septemba 2017, mkutanoni Brampton, mama mmoja alimvamia akimpigia kelele za sharia, hali Singh ni Kalasinga. Hakumwambia, "Mama, umekosea dini." Baadaye akaeleza kuwa jibu hilo lingekuwa kumsukumia Mwislamu chuki ile. Mimi ningemsahihisha, tena kwa ukali, kisha ningejiona nimeshinda.

Kinachonimaliza kabisa ni shule. Ontario inalipia shule za Kikatoliki kwa kodi ya wote, mimi nikiwemo, kwa ahadi iliyoandikwa kwenye katiba ya 1867. Mwaka 2007 John Tory, aliyekuwa akiwania kuongoza Ontario na baadaye akawa meya wetu, aliahidi kuzilipia na shule za dini nyingine ili haki iwe sawa. Wapiga kura wakashtuka kusikia dini inaingizwa shuleni, nao wana shule za dini kila mtaa! Tory akashindwa jimbo zima, na hata kiti alichogombea Don Valley West akakikosa.

Jirani yangu wa chini alikuwa miongoni mwa walioshtuka. Mzaliwa wa hapa, haamini kitu, na mwanasiasa akitaja Mungu kwenye televisheni yeye huzima. Majuzi alitualika mimi na mama watoto kwenye ubatizo wa binti yake wa miaka mitatu. Shule ya Kikatoliki iko ng'ambo ya barabara, ina sare, na inataka cheti cha ubatizo. Mtoto alilia, padri akamwagia maji, bibi akapiga picha. Nyumbani tukakata keki, na jirani, cheti kikiwa ndani ya bahasha juu ya friji, akaniinamia kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa kukosa adabu.

"Samahani kuuliza, lakini ni kweli kwenu Afrika wanasiasa wanajifanya watu wa dini ili wapate wanachotaka?"

Nikamwomba kipande kingine cha keki, kile chenye msalaba.