Namna ya Kupangisha Nyumba ya Bondeni Kabla ya Masika

Kalenda ya Dar es Salaam inampendelea mwenye nyumba anayejua kuisoma. Vuli huisha Desemba, masika huanza Machi. Katikati kuna Januari na Februari: jua kali, mitaro mikavu, na mpangaji aliyevurugwa na ada za shule kiasi kwamba akiona ukuta mweupe na kodi iliyopoa kidogo, haulizi maswali. Ndio msimu wako huo. Ukichelewa hadi Aprili nyumba itajieleza yenyewe, na hakuna dalali wa kuinyamazisha.

Anza na alama ya maji. Kama nyumba yako iko Kigogo, Vingunguti, Jangwani au popote pale Mto Msimbazi unapopita ukitoka vilima vya Pugu kwenda baharini, ukutani kuna mstari wa tope ulionyooka kuliko kazi yote ya fundi wako. Usiukwangue. Nunua rangi ya mafuta, kahawia iliyokolea, upige mkanda kuzunguka nyumba nzima, ndani na nje, kuanzia sakafuni hadi juu kidogo ya mstari. Wapita njia wataona urembo. Baada ya muda hata wewe utaona urembo. Ni kweli kwamba rangi ya mafuta huuziba ukuta: unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi hukosa pa kutokea, rangi ikavimba malengelenge, na chumvi ikachomoza juu ya mkanda, ikipukutisha unga mweupe nyuma ya kochi. Lakini hayo ni ya Mei, na kodi ya miezi sita ulishaipokea Februari. (Dawa yake ilikuwa nailoni nyeusi chini ya jamvi, siku ya kumwaga zege. Siku hiyo ulisema nailoni ni ghali.)

Sasa panda juu, au mtume kijana. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo, maji yapite pembeni. Misumari yako ilipigwa mabondeni, kwa sababu ndiko nyundo inakofika bila taabu. Usiing'oe, kila kichwa cha msumari kipake lami juu ya kipande cha shati kuukuu. Mpangaji akiulizia ubora wa bati, mtajie geji 32 kwa sauti nzito. Namba ya geji ikipanda unene wa bati hushuka, ila wewe hukuajiriwa kufundisha hesabu.

Kama ulifuata mtindo ukajenga paa la kuficha, lile lenye ukuta uliopandishwa kuzunguka bati ili nyumba ya Tabata ionekane kama jengo la Dubai, basi pole na hongera. Pole, kwa kuwa maji yote ya paa hutegemea gata iliyojificha nyuma ya ukuta, na ikizibwa na majani ya mwembe wa jirani, njia iliyobaki ni kupitia jipsamu hadi sebuleni. Hongera, kwa kuwa aliye barabarani haoni kitu. Duara la manjano likitokea darini, lifunike kwa taa. Likitokea kwenye kona, taa nayo iende kwenye kona, na mpangaji aambiwe ndiyo fasheni ya sasa.

Choo kikijaa, gari la kunyonya la nini? Subiri mvua kubwa ya usiku, ukifungulie mtaroni kama wafanyavyo wengine. Jirani wa chini atajua, lakini na yeye ana jirani wa chini.

Kazi iliyobaki ni ya dalali. Malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja, tena humlipi wewe, anamlipa mpangaji, juu ya hela ya kutembezwa. Yaani mpangaji anamwajiri mtu wa kukutetea wewe. Maneno usimfundishe, anayo. Dada wa watu akisimama kizingitini, akatazama mtaro na kuuliza, "Kaka, hapa maji hayaingii kweli?" atajibiwa papo hapo: "Dada yangu, maji ya bomba yenyewe hayafiki, sembuse ya mvua!" Akishangaa kwa nini mlangoni kuna matofali yaliyojengewa hadi magotini, ataambiwa ni kwa ajili ya nyoka. Sharti ni moja: asipitishwe gengeni. Mama wa genge yupo pale tangu kabla ya mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyowahamishia wenzetu Mabwepande, na hana sababu ya kukufichia.

Sheria isikutishe. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wewe ulipojenga mto ulikuwa mbali, umesogea wenyewe! Na kwa kweli si uongo mtupu: Msimbazi hujaa mchanga na taka, kina kikapungua, kingo zikamegeka. Afisa akisisitiza, mwonyeshe ilikojengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, pale Jangwani, ilikokuwa ikijaa maji mvua kubwa zikinyesha. Kama wataalamu walipaona panafaa, wewe ni nani? Akikuachia alama ya X, rangi ya kahawia iliyobaki inatosha kuifuta, ingawa waliobomolewa Desemba 2015 watakwambia tingatinga halisomi.

Na kodi ya jengo? Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeitoa. Deni ni lako, pesa ni ya mpangaji, mpaka siku mtakapokaa mkubaliane. Usikae.

Na wewe mpangaji, ikiwa mwongozo huu umekufikia kwa bahati mbaya, nakusihi: nyumba ya Dar ikaguliwe mvua ikinyesha. Pitia gengeni kwanza, tena ununue hata nyanya za mia tano, ndipo uulize. Ukifika ndani sogeza kochi, papasa ukuta juu ya mkanda wa kahawia, tazama taa iliyokaa kona isiyo yake. Ukipapenda, omba mkataba wa miezi mitatu. Mwenye nyumba anayeijua vizuri nyumba yake atakataa, na hapo utakuwa umeshajibiwa.