Kalamu Nyekundu ni ya Mwalimu

Huku Kiirua mtoto anaweza kuja shule bila sweta, tena asubuhi ya baridi, asiulizwe. Lakini daftari lisipovishwa gazeti, ataeleza. Kitabu kivae kwanza, mwenyewe atajijua.

Hadi darasa la tatu, penseli. La nne unapandishwa cheo: biro ya buluu. Nyekundu usiiguse, hiyo ni serikali. Pambizo lipigwe kwa rula, tarehe ipigiwe mstari, na ukurasani isionekane alama ya kidole, hata kama jana jioni ulikuwa unachimba viazi. Ukikosea usikwangue kwa wembe. Kata neno kwa mstari mmoja, kwa adabu.

Sasa mtoto huyohuyo, aliyesimamishwa ukutani darasa la tano kwa kosa la kushika penseli, alifika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, akaamriwa ajaze karatasi ya majibu kwa nini? Penseli. HB. Biro weka chini.

Walimu wetu, heshima zenu tunazitunza. Ila siku moja mkimaliza kukagua jalada, fungueni pia msome kilichoandikwa ndani.