Muulize Mshenga: Almasi, Ng'ombe na Mashangazi

Safu hii huandikwa na Mshenga Mstaafu, ambaye ndoa nyingi za mji huu zimesimama kwa ulimi wake. Barua zimefupishwa. Wasomaji wana tabia ya kueleza matatizo yao kwa kirefu, na nafasi hii ni yangu.

*Shikamoo Mshenga. Nimepata mchumba, nataka kumvisha pete ya almasi, ila sijui lolote kuhusu almasi. Nianzie wapi? – Mgeni wa Vito, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Umeanza vizuri. Vijana wengine huniandikia "Mambo vipi, Mshenga", na barua zao hunifaa kufungia karanga.

Unaanzia kwangu, na umeshaanza. Mimi ndiye niliyepeleka posa kwenye nyumba moja ya Magomeni ambako wajomba walikuwa wameapa kwamba binti hatoki. Mlango wa mbele wameutia komeo, wa nyuma wameufungia mbwa. Nilipotoka nilikuwa na jibu la ndiyo, sinia la biriani lililofunikwa kawa, na yule mbwa ananisindikiza mpaka kituo cha daladala. Kanzu yangu siku ile ilikuwa imenyooshwa mpaka nzi wakitua wanateleza. Nakusimulia haya ili ujue kwamba nikisema neno juu ya pete, limepigwa pasi pande zote mbili.

Haya, almasi. Muuzaji atakutajia mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Uzito atautanguliza, kwa sababu ndio unaomlipa. Uzito wa almasi hupimwa kwa karati, na karati tano ndizo zinazotimiza gramu moja, ile gramu ambayo muuza binzari wa mtaani kwenu akiidondosha hainami. Jiwe la mviringo la karati moja, likikatwa vizuri, lina upana wa milimita sita na nusu hivi. Wauzaji wanajua kwamba kijana anayeoa anapenda namba kamili, ndiyo maana bei huruka ghafla jiwe likifika karati 1.00. Wewe chukua la 0.90. Likishakaa kidoleni hakuna shangazi atakayeliona pengo hilo, na mashangazi nawajua, nimekaa nao mkekani na wakaniongezea chai bila kuomba.

Rangi hupangwa kwa herufi, kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, mpaka Z, iliyoingia umanjano. Utauliza A, B na C zilikwenda wapi. Taasisi ya vito ya Marekani, GIA, iliziruka makusudi, maana wafanyabiashara wa zamani walikuwa wameshazichosha: kila mmoja ana A yake, na anayetaka kumpiku jirani anaandika AA. G au H juu ya pete huonekana nyeupe kwa jicho la mtu mwenye shughuli zake. Kwenye dhahabu ya njano hata J hupita salama. Usafi nao hutazamwa kwa lenzi inayokuza mara kumi. Mama mkwe hana lenzi hiyo. Kama anayo, ahirisha harusi.

Pesa yako iweke kwenye mkato. Mwaka 1919 kijana mmoja wa ukoo wa wakata almasi, Marcel Tolkowsky, aliandika hesabu za pembe ambazo jiwe la mviringo linapaswa kukatwa ili mwanga ulioingia juu urudi juu, kwenye jicho la shangazi. Jiwe lenye kina kirefu mno, au kifupi mno, huvujisha mwanga chini kama pakacha, na hapa hakuna nafuu kwa mchukuzi. Kuna mawe makubwa yamekaa kidoleni yamezubaa tu, na kuna madogo yanayomulika ukumbi mzima. Mimi mwenyewe si mrefu, lakini niulize nani hutazamwa nikiingia ukumbini.

Halafu kuna karati za dhahabu, ambazo hazina uhusiano na uzito. Dhahabu ya karati 18 hugongwa muhuri wa 750 upande wa ndani wa pete, yaani sehemu 750 katika 1,000 ni dhahabu yenyewe. Utafute muhuri huo kabla hujatoa pochi. Sonara akiudhika kwa kuulizwa, mwambie umetumwa nami. Akisema hanijui, toka dukani humo, hana ujuzi.

*Mshenga, nimeambiwa pete ya almasi lazima ifike mshahara wa miezi miwili. Mimi naendesha bodaboda, mshahara sina. – Kofia Ngumu, Mbagala*

Nani kakuambia? Sharti hilo halimo kwenye kitabu chochote cha dini, wala kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inasema ndoa haibatiliki hata mahari yasipolipwa. (Wajomba wakiona nimeandika hivi watanirudisha Magomeni kwa miguu.) Limetoka kwenye matangazo ya kampuni ya De Beers, waliokuwa wakiuza almasi karibu zote za dunia. Miaka ya 1930 walipendekeza mshahara wa mwezi mmoja. Kufika miaka ya 1980 ukawa miezi miwili, bila mtu yeyote kuitisha kikao.

Ile kaulimbiu yao maarufu, kwamba almasi ni ya milele, iliandikwa mwaka 1947 na mwanamke mmoja wa shirika la matangazo la Philadelphia, Frances Gerety. Aliwafanya wanaume wa dunia nzima watoe pesa mfukoni huku wakitabasamu. Mwenyewe hakuolewa maisha yake yote. Jambo hili huninyima usingizi. Mwanamke mwenye kalamu kama ile, na hakuna aliyempelekea barua ya posa iliyoandikwa ikaandikika! Ningekuwapo, ningepanda meli. Ningefika nyumbani kwao na kanzu, nikabisha hodi, nikawaambia wazee wa Philadelphia kwamba kwenye bustani yao nimeona ua. Wangeuliza ua gani, nami ningenyamaza kidogo, maana ukimya wangu ni maarufu kuliko hotuba za wengine.

Ulikuwa unauliza nini? Ndiyo, pesa. Toa unachoweza kukitoa bila kuuza pikipiki. Anayekuoza binti anataka kukuona bado unaendesha. Na hakikisha wapo mashahidi siku ya kuvisha, kwa sababu sheria hiyohiyo ya 1971 inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa, mradi mahakama iridhike kwamba ulitoa kwa sharti la kuoana. Sikuombei ufike huko. Tangu niitwe mshenga hakuna bibi harusi wangu aliyerudisha pete, ila mmoja, na huyo alirudisha pete akabaki na biriani.

*Mimi ni kijana wa Shinyanga. Nataka kumvisha mwenzangu almasi, wakwe wanasema hawataki kijiwe, wanataka ng'ombe. – Kati ya Zizi na Sonara, Kishapu*

Kishapu! Mwanangu, wewe unalala jirani na Mwadui na unaniuliza habari ya almasi mimi niliyekaa hapa pwani nakula kachori? Vema, kwa kuwa najua zaidi. Mgodi wenu ulianza mwaka 1940, pale mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipoipata almasi aliyokuwa ameitafuta kwa miaka kwa ukaidi ambao mshenga yeyote angeuheshimu. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, naye akampa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, liwe zawadi ya harusi. Lilipokatwa likabaki karati 23.6. Yaani zaidi ya nusu iliishia mezani kwa fundi, na bado hakuna aliyelalamika. Likatiwa kwenye bruchi yenye umbo la ua, na malkia akalivaa miaka yake yote. Hivyo ndivyo kijiwe cha kwenu kilivyopokewa ukweni London. Huko nako hawakuwa na mshenga wa kuwashauri waombe ng'ombe.

Lakini wakwe zako wana akili, na ninasema hivi ingawa hawajanialika. Almasi haizai. Ukiinunua dukani asubuhi ukampelekea sonara mwingine jioni, atakupa sehemu tu ya bei uliyolipa, kisha atakupa pole. Ng'ombe aliyenunuliwa asubuhi, jioni bado ni ng'ombe, na huenda ana mimba. Kwa hiyo ng'ombe wapeleke kwa baba mtu, na pete ndogo mvishe binti. Ukiweza, wavishe ng'ombe kengele, wafike wakijitangaza. Mimi niliwahi kupeleka mahari ya mbuzi kwa mtindo huo, mtaa mzima ukatoka nje ukidhani ni bendi.

Na usikubali mtu akutoe pembeni ya soko akufungulie jiwe ghafi kutoka kwenye soksi. Kwanza, jiwe ghafi halimeremeti, mng'aro ni kazi ya mkataji, kwa hiyo linalomeremeta ndani ya soksi ni chupa. Pili, kununua na kuuza madini bila leseni ni kosa, na tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini ili biashara hiyo ifanyike mahali penye mzani na risiti. Harusi nimeshazipanga za kila aina, lakini ya mahabusu bado, na kanzu yangu haiendi huko.

*Shikamoo Mshenga. Nimevishwa pete, rafiki zangu wanasema jiwe ni feki. Nitajuaje? – Roho Juu, Tanga*

Marahaba, binti yangu. Kwanza nitajie hao rafiki ni wangapi wameolewa.

Usithubutu kulipiga nyundo, hata wakikuambia ndiyo njia ya wazee. Almasi hushinda kila kito kwa kukwaruzana, ni namba 10 katika kipimo cha Mohs, lakini ina mikondo yake ya kupasukia, na pigo moja baya huigawa. Utakuwa umepata jibu na huna pete. Ipulizie pumzi. Almasi hupitisha joto upesi mno, ukungu huondoka papo hapo, na kwenye kioo hukawia. Wengine wamesifu pumzi yangu kwa kazi hii, maana natafuna karafuu. Lakini pumzi haikamati moisanaiti, jiwe la maabara ambalo hudanganya hata ile kalamu ya sonara inayopima joto. Hilo hutambuliwa kwa lenzi: ukilitazama kwa upande, mistari ya nyuma huonekana miwili miwili.

Sasa ikiwa ni almasi iliyotengenezwa maabara, rafiki zako wamekosea. Kampuni ya General Electric ilifanikiwa kuitengeneza mwaka 1954, na kaboni yake ni ileile ya Mwadui. Pumzi haiitofautishi, lenzi haiitofautishi, wala mimi nikiwa nimevaa miwani ya kusomea. Inahitaji mashine. Bei yake imeporomoka sana miaka ya karibuni, ndiyo maana kosa ni la anayeiuza kwa bei ya jiwe la mgodini. Muombe mwenzako cheti, kwa upole, ukiwa umempikia. Mawe mengi yenye cheti huchongwa namba yake kwa leza pembeni mwa jiwe, ndogo ajabu, na namba hizo mbili lazima zifanane. Akikuletea cheti cha Kimberley, mrudishie. Utaratibu huo ulioanza 2003 ni wa mizigo ya mawe ghafi inayovuka mipaka, pete haihusiki.

Ikiwa kinachowasumbua ni kwamba jiwe limefifia, lioshe. Almasi hunasa mafuta. Migodini waliwahi kuzipitisha changarawe kwenye meza zilizopakwa grisi, maji yakabeba kokoto na almasi zikabaki zimeganda. Kwa hiyo losheni yako na mafuta ya sambusa yanaliendea jiwe moja kwa moja. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, basi. Baada ya hapo waalike rafiki zako wote chakula cha mchana. Wakishashiba, toa lenzi na uwaombe wavue zao. Hutaisikia habari ya feki tena, na kama kutatokea ugomvi, niite, napatanisha pia.

*Mshenga, nitapataje kipimo cha kidole chake bila yeye kujua? – Haraka Sana, Mwanza*

Mimi ningejifanya msoma viganja, nimshike mkono barazani huku nikimtabiria watoto saba, na uzi uko kati ya vidole vyangu. Wewe huna mikono ya kazi hiyo, najua kwa mwandiko wako. Ongea na dada yake, akuazimie pete anayoivaa mchumba wako kidole hichohicho cha mkono huohuo, upeleke kwa sonara iwekwe kwenye kijiti cha vipimo. Kama utampima kwa uzi, pima jioni, si alfajiri, maana joto huvimbisha vidole, na pete iliyoingia kwa raha saa kumi na mbili asubuhi itamng'ang'ania mchana mbele ya kamati ya harusi. Mhariri anagonga meza, nafasi imekwisha.

Kuna bwana wa Arusha kauliza kama tanzanaiti inafaa badala ya almasi. Kwa hereni, ndiyo, kwa furaha. Kwa pete ya kila siku, hapana: ugumu wake ni sita mpaka saba, vumbi la barabarani linatosha kuikwaruza. Mwenye kuuliza kama avishe pete kabla ya posa au baada yake, ni baada, na posa niipeleke mimi.

Barua za wiki ijayo ziwe fupi. Mnaohitaji mshenga andikeni anwani inayosomeka, na kama nyumba ina mbwa mseme mapema, nije na mfupa.