Kupasha Vidole, Kutoka Maili Moja hadi Kisarawe

Kupasha ni neno ambalo wacheza gemu wa Kibaha wameliazima kwa wanasoka, ambao hukimbia kando ya uwanja ili misuli ipate moto kabla ya mechi, ingawa mama lishe wa Maili Moja hulitumia kwa kiporo cha wali wa jana. Na uchunguzi wa mwandishi wa insha hii, uliofanyika kwa gharama zake mwenyewe, unaonyesha kwamba maana ya mama lishe ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli.

Penye mashindano makubwa, kupasha ni kazi yenye ratiba. Mchezaji wa gemu za kulenga shabaha, mathalani Counter-Strike, hufyatulia vitone vinavyochomoza na kutoweka kwenye kioo, ili jicho na kiganja vipatane kabla ya kukutana na adui mwenye akili. Yule wa Tekken, gemu ya mapigano iliyotoka mwaka 1994 na ambayo ilimpatia Mkenya Sylvia Gathoni usajili katika timu ya nje mwaka 2018, huingia sehemu ya mazoezi na kurudia mfululizo uleule wa mapigo mbele ya mpinzani aliyesimama kama kinyago, asiyejibu wala kulalamika. Ratiba hizo zina sharti lisilotamkwa, nalo ni kwamba mashine iwe ya mchezaji mwenyewe.

Katika banda la gemu, yaani chumba chenye runinga mbili tatu, mabenchi na feni ya mapambo, mashine ni ya mwenye banda, mechi ni shilingi 500 na anayefungwa anapisha, kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu anayelipia mazoezi. Nafasi pekee ya bure hupatikana FIFA inapofunguka (gemu hiyo ya soka iliitwa EA Sports FC kuanzia mwaka 2023, lakini bandani jina la zamani halijapata mpinzani), kwani hapo hutokea mchezaji mmoja na kipa wake, na aliyeshika pedi, yaani kile kidude cha vitufe, hupiga mashuti matatu hivi kabla mwenzake hajabonyeza kitufe cha kuanza. Wanaosubiri benchini hupasha kwa pedi mbovu iliyokatika waya, wakiibonyeza kwa umakini ambao walimu wao wa hisabati hawajawahi kuuona.

Mwandishi, ambaye umri wake ni wa kuamkiwa, alikaribishwa mara nyingi kwa maneno "Anko, njoo upashe na sisi", akayachukua kuwa heshima. Alipewa pedi ya wageni, ambayo analogi yake, yaani kijiti cha kuelekezea, ilivuta kushoto yenyewe, hata beki wake akawa anaondoka taratibu kwenda kwenye kibendera cha kona kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Hata hivyo, silaha iliyommaliza ilikuwa adabu: kila alipokaribia kupiga shuti, kijana wa pembeni alisema "Shikamoo anko", na kwa kuwa malezi ya Pwani hayaruhusu kuitikia bila kumtazama anayeamkia, neno "marahaba" lilitoka na mpira ukaondoka nalo.

Akiamini kwamba kilichopungua ni moto wa vidole, alikwenda kushindana Kisarawe, ambako adabu yake haikuwa imejulikana. Alipanda bodaboda kupitia Kiluvya, akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili njia nzima, na mtetemo wa rasta, yaani vituta vidogo vya barabarani, ukamfariji kwamba vidole vilikuwa vinapashwa bila malipo. Aliposhuka vilikuwa vimekufa ganzi, na vya mkono wa kulia vilibaki vimejikunja vikitafuta chuma. Mpinzani wake alikuwa mtoto wa miaka kama 12, aliyeweka muhogo wa kuchoma juu ya goti, akaunyanyua na kuung'ata kila baada ya goli, na akaumaliza kwa ming'ato minne.

Mtoto huyo alipokea pedi ya mwandishi kwa mikono miwili, akaifuta kwenye fulana, akasema "Asante anko", kisha akawageukia wenzake waliokuwa benchini.

"Tayari, nimeshapasha. Leteni mechi."