Yah: Ombi la Posho kwa Wapimaji wa Barazani

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya,
Vienna, Austria.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, mkazi wa Tanga. Kwa miaka thelathini na moja nimechora pete za benzini ubaoni mpaka bega la kulia likashuka. Nawaandikia kwa mambo mawili. La kwanza ni pongezi. La pili ni la fedha, na kama ilivyo ada ya barua za namna hii, nitalifikia nikishamaliza kuwasifu.

Kila Machi nchi wanachama 53 huketi hapo Vienna, huletewa majina ya kemikali, hupiga kura, na jina likipita huingizwa kwenye jedwali la dawa zinazodhibitiwa. Kazi safi, ya watu wasio na papara. Chukueni JWH-018. Herufi hizo ni za Profesa John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, aliyeunda mamia ya kemikali zinazoiga bangi akichunguza jinsi bangi inavyofanya kazi kichwani. Hakuwa na nia mbaya. Alichapisha matokeo yake majaridani kama msomi yeyote, nao wenye uchu wa pesa wakayasoma kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona darasani kwangu. Mwishoni mwa 2008 Wajerumani waliikuta ndani ya pakiti zilizoandikwa Spice, zikiuzwa waziwazi kama majani ya kufukizia nyumba. Januari 2009 Ujerumani ikaipiga marufuku. Nyinyi mkaiingiza jedwalini Machi 2015.

Sisemi mlichelewa. Huenda tafsiri katika lugha sita zinachukua muda.

Ila hebu niwarudishe darasani kidogo. Nilikuwa na swali ninalolipenda katika mitihani ya muhula: molekuli hii ina mkia wa kaboni tano, kata moja, kisha taja jina jipya. Alama mbili. Basi JWH-018 ina mkia huohuo wa kaboni tano. Ukikata moja unapata JWH-073. Ukiziacha zote tano na kubandika florini nchani, unapata AM-2201. Wanafunzi walikuwa wakininung'unikia, "Mwalimu, haya yatatusaidia nini maishani?" Nakiri sikuwa na jibu. Leo ninalo: wapo waliojengea maghorofa alama zile mbili. Mkipiga marufuku jina, wao wanakata mkia, na mtoto mpya anazaliwa hana jina wala dhambi. Orodha ya kemikali mpya ya ofisi yenu imeshapita vitu 1,200. Kamusi ya Kiswahili haikui kwa kasi hiyo.

Sasa mnivumilie niwapeleke barazani kwetu.

Ilikuwa baada ya isha. Tulikuwa kwenye bao, muuza kahawa kaketi pembeni na deli lake. Kijana wa jirani yangu, niliyemfundisha kidato cha pili, alikuwa kasimama gizani karibu na nguzo ya umeme na wenzake wawili. Akavuta pafu mbili. Nilihesabu kwa sababu kimoto kiliwaka mara mbili. Kisha akaganda. Macho wazi, mkono bado uko mdomoni, udenda unamchuruzika hadi kwenye shati, na ile sigara inamuunguza vidole asiiachie. Halafu akaenda chini kama gunia na kuanza kutetemeka. Mmoja akaleta maziwa, mwingine akasema ni mashetani ya baharini, na mzee mmoja akaanza kumsomea. Wenzake wawili walikuwa wameshatoweka. Waliacha neno moja tu, "Ni bangi tu, mwalimu. Ya kisasa."

Hospitali walimpima mkojo. Bangi, hamna. Heroini, hamna. Vipimo vyote safi. Waheshimiwa, huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa msafi kuliko wote wodini, na hakulikumbuka jina la mama yake aliyekuwa amemshika mguu.

Siwalaumu waliompima. Kipimo cha kawaida cha bangi kimefundishwa kuitambua bangi ya shambani. Hii ya kutengenezwa maabara hakiijui, kama bawabu mwenye picha ya mwizi mmoja. Na alichovuta kijana yule sikijui hadi leo. Najua tu namna mambo haya yanavyopikwa: unga unayeyushwa kwa asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha, unapuliziwa kwenye majani makavu, unaanikwa. Aliyewahi kupikiwa wali na mtu aliyesahau kukoroga chumvi ataelewa kilichobaki. Tonge la kwanza halina kitu, la pili linakukunja uso. Hapa tonge la pili linaangusha mtu. Tena bangi ya shambani huifungua koki ya ubongo nusu, ikakwamia hapo. Hizi za maabara huifungua yote mpaka mwisho. Ndiyo maana watu hupata degedege, hupandwa na wazimu, wengine figo hugoma. Na dawa ya kuzima sumu yenyewe hakuna. Mateja wa heroini angalau tangu 2011 wana kikombe cha methadoni, pale Muhimbili ilipofungua mlango. Huyu wa kisasa anapewa dripu na dua.

Huku nyumbani nasi tunajitahidi. Desemba 2023 mamlaka yetu ya kupambana na dawa za kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, nyingine zikiwa ndani ya vifungashio vya kahawa na majani ya chai. Nilifurahi, ingawa kwa wiki nzima nilikuwa nikiinusa chai yangu kabla ya kuinywa. Shida ni kwamba macho yetu yamezoea mzigo unaohitaji lori. Za maabara hazihitaji lori: fentanili, dawa ya maumivu, miligramu 2 zaweza kumuua asiyezoea. Kilo moja, pigeni hesabu wenyewe, ni dozi 500,000, na inaenea kwenye mfuko wa shule. Freetown, Sierra Leone, nao yaliwakuta. Kush, dawa ya mitaani ya kuvuta, iliwaingilia, na Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio akatangaza hali ya dharura. Waliopima kush waliikuta na nitazini, jamii ya dawa za maumivu zilizoundwa Uswisi miaka ya 1950, zikaonekana kali mno, zikaachwa kabatini. Kumbe kabati halikufungwa.

Sasa lile la fedha.

Dawa ya halali, kabla haijafika dukani, hujaribiwa kwa panya, kisha kwa watu wachache waliotia saini, wenye bima, nauli na daktari pembeni. Hizi za mkia uliokatwa nyingi huingia mtaani bila kupitia kwa panya. Panya ni kijana wa barazani kwetu, na ndiye panya pekee duniani anayelipia majaribio kutoka mfukoni mwake. Naomba basi Tume imtambue kama mtumishi wa sayansi na imlipe posho ya kujikimu, kwa kuwa matokeo yenu mnayapata kwake. Msipomwona akianguka, mtajuaje kuwa kitu kipya kimefika?

Fomu nimewaandalia. Nimeijaza ya kwanza iwe mfano:

Jina la kilichojaribiwa: Hakijulikani.
Kiwango: Pafu mbili.
Muda wa kupoteza fahamu: Dakika kumi na nne, kwa saa ya muuza kahawa.
Hali baada ya miezi mitatu: Anatembea. Bao amesahau, na alikuwa akinifunga.
Saini ya mhusika: Mkono bado unatetemeka, ametia dole gumba.

Posho ipelekwe kwa mama yake. Kibanda chake cha maandazi kimefungwa, maana hawezi kukaa sokoni huku amemwacha mwanawe peke yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Tanga.

Nakala:
Muuza kahawa, kwa kutuazima saa.
Bwana Mkemia, popote alipo. Jedwali lenu yeye hulisoma kabla ya mahakimu wetu, apate kujua mkia upi ukatwe mwaka huu.