Punda wa Mitungi Miwili

Mpe mwanafunzi anayesoma sheria na uhasibu kwa pamoja kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia katika mkahawa wowote wa Garissa, kisha umwambie alipe. Utangoja. Kichwa chake cha sheria kinauliza kama kuna mkataba: nani aliagiza, nani aliitikia, na je, neno “karibu chai” ni ukarimu au ni biashara? Kichwa cha uhasibu kinauliza chai hiyo iandikwe wapi: kwenye matumizi, kwenye madeni, au kwenye gharama za kutafuta wateja ambao bado hajawapata? Vichwa viwili vinaposhauriana, chai imepoa, mwenye mkahawa amenuna, na rafiki aliyesoma fani moja amekwisha kulipa na kwenda zake. Vituko kama hivi ndivyo vinavyomfanya achekwe, nami nacheka pamoja na wengine. Lakini nasema hivi: katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya, sheria na hesabu hazijawahi kuwa kazi mbili. Aliyezitenga ni chuo, na mwanafunzi huyu anahangaika kuzirudisha nyumba moja kwa ada yake mwenyewe.

Na ada si ndogo. Shahada ya sheria nchini Kenya ni miaka 4. Baada yake kuna Shule ya Sheria kule Karen, Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka daraja la mto Tana la Garissa, na miezi 6 ya kukaa chini ya wakili mzoefu, ukijifunza kwanza kubeba mafaili. Upande wa pili kuna Kasneb, bodi ya mitihani ya uhasibu iliyoundwa mwaka 1969, na mitihani yake ya CPA, ambayo wengi huisomea jioni wakiwa wamechoshwa na vipindi vya mchana. Hapo ndipo vichwa hugongana. Katika uhasibu, ukijibu “inategemea” unapata sifuri. Katika sheria, jibu lisilo na “inategemea” ndilo linalopata sifuri. Anayesoma zote mbili huchanganya makaratasi: kwa mhadhiri wa hesabu anaeleza kwamba jumla ya mizania bado inabishaniwa, na kwa mhadhiri wa sheria anaandika kwamba mshtakiwa ana hatia ya asilimia 62.5.

Sasa twende soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa kabisa Afrika Mashariki. Katika masoko ya mifugo ya Wasomali, dalali na mnunuzi wana desturi ya kuficha bei: hushikana mikono chini ya kitambaa, na vidole vinavyobanwa ndivyo vinavyotaja maelfu. Mwanasheria akikitazama kitambaa kile ataona pendekezo na makubaliano. Mhasibu ataona bei iliyotajwa bila risiti, na moyo utamwenda mbio. Dalali haoni mambo mawili. Kwake kidole kimoja kimefunga mkataba na kimeandika hesabu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na dini ilikwisha kulisema jambo hilo kwa urefu zaidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Mwandishi ndiye mhasibu, mashahidi ndio sheria, na katika aya ile hawakutengewa vitivo viwili vyenye wakuu wasiosalimiana.

Chuo kikizitenga, mbuga inazigombanisha. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 41 kinamwita ngamia rasilimali hai, na kinataka athaminiwe kwa bei ya soko ya siku hiyo, ukitoa gharama za kumuuza. Mabadiliko ya thamani hiyo yanaingia kwenye faida au hasara ya mwaka. Maana yake, ndama akizaliwa usiku kule Wajir, mfugaji anaamka na faida ambayo hainunui sukari na bado inanyonya. Mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo ilikonda, bei ikaanguka, kisha mifugo yenyewe ikaanguka, na hakuna daftari lililohitaji kuelezwa maana ya hasara. Hata bima ya Kiislamu (takaful) ya mifugo, iliyoanza Wajir mwaka 2013, haiendi kuhesabu mizoga; inatazama kwa setilaiti jinsi malisho yalivyo kijani, na yakikauka ndipo inalipa. Ongeza desturi ya kumkopesha jamaa aliyepungukiwa ngamia wa maziwa: amkame, amtunze, amrudishe hali ikitengemaa. Ngamia huyo aandikwe katika mali ya nani? Ya mwenye jina au ya mwenye maziwa? Mhasibu peke yake anaweza kumwandika mara mbili, akawa ngamia wawili. Wakili peke yake atampeleka mahakamani, na ngamia atakufa kwa uzee huku kesi ikiendelea kutajwa.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote ni mirathi. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inawapa makadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yao. Chukua mtu aliyefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Sheria inampa mke thumuni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi na mama sudusi. Haki imekamilika, hadi uanze kujumlisha. Kwa ngamia 24, mke anapata 3, mabinti 16, baba 4, mama 4, jumla 27. Marehemu ameacha ngamia 24, sheria imegawa 27. Mwanasheria asiyejua hesabu atatoa amri ngamia watatu watafutwe na kuletwa mbele ya mahakama. Mhasibu asiyejua sheria atamfuta mrithi mmoja ili mizania ikae sawa. Mapokeo yanasema Sayyidna Ali aliulizwa swali hilo akiwa mimbarini, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imegeuka tusui, yaani mali igawanywe mafungu 27 na kila mrithi apungukiwe kwa kadiri ya fungu lake. Mafundi wa mirathi huuita mgawanyo huo aul. Jibu lile lilikuwa hukumu na hesabu kwa pumzi moja.

Wapo watakaonikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali ni ya kweli, ila inahusu vitu viwili vinavyokimbilia pande mbili. Mtazame punda anayebeba maji ya mto Tana kuyapeleka mitaani. Ukimfungia mtungi mmoja ubavuni, mzigo unamlemea upande, anaupinda mgongo na hatimaye anamwaga. Mfungie miwili, mmoja kila upande, anatembea wima kama mheshimiwa. Mzigo umeongezeka, na safari imekuwa rahisi. Sikatai kwamba punda huyo anachoka. Nakataa kwamba dawa ya uchovu wake ni kumwondolea mtungi mmoja.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Wakili anaapa kuwa upande wa mteja na kutunza siri zake; mkaguzi wa hesabu kazi yake ni kutokuwa upande wa mtu na kusema alichokiona. Je, mtu mmoja ataitunza siri asubuhi na kuitangaza alasiri? Hapana, na maadili ya wahasibu yanakataza kumkagua mtu unayemtetea. Nakubali bila kubishana. Lakini hoja hii inamzuia kuvaa kofia mbili mbele ya mteja mmoja. Haimzuii kuwa na kichwa kinachozijua zote mbili. Wakili anayeweza kusoma mizania hadanganywi na mteja wake mwenyewe, na mkaguzi anayeijua sheria anatambua saini isiyo na mamlaka hata ikiwa na mhuri mzuri.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wazee, kwa hiyo nalijibu kwa adabu. Wazee, mmekuwa mkifanya maslaha, yaani usuluhishi wa jadi, na kuhesabu fidia ya ngamia bila shahada hata moja. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi yenyewe iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana na fidia ya ngamia na mbuzi kulipwa, ikitegemea Ibara ya 159 ya Katiba. Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa, lakini ulionyesha kwamba kumbukumbu ya wazee ni mahakama na ni daftari. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hiyo hufanya kazi pale wote wanapojuana. Fedha za ugatuzi hazimjui mtu, na mtu hazijui.

Tazama Hazina ya Usawazishaji. Ibara ya 204 inaitengea nusu ya asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, ipeleke maji, barabara, zahanati na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, Garissa, Wajir na Mandera zikiwemo. Kiasi chenyewe kinakokotolewa kutokana na hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Yaani ibara moja imewaita wakili na mhasibu meza moja. Meza ilichelewa kujaa. Miongozo ya kuisimamia ilichapishwa 2015, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikasema miongozo hiyo inakiuka Katiba. Kwa hiyo fedha zilikuwepo kwenye hesabu zikakwama kwenye sheria, kama chai ile ya mkahawani, ila safari hii aliyengoja ni mama mwenye mtungi mtupu. Basi mwanafunzi wa fani mbili acheni tumcheke, maana kuchekwa hakumpunguzii alama, lakini tumlipie chai na tumwache amalize masomo. Hazina hiyo ilipewa miaka 20 tangu Agosti 2010, na Bunge lisipoiongezea muda, inafungwa 2030.