Kikao cha Saa 12 Jioni

Mkataba wangu wa ajira unasema natoka kazini saa 11 jioni. Ni sentensi nzuri, imepigwa mhuri, na huwa naisoma mara kwa mara kama mtu anavyosoma barua za mchumba aliyekwisha olewa na mwingine.

Nyuma ya mkataba ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo haina ubaya: saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Ila sheria hiyohiyo inawaacha nje ya hesabu hizo wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa. Mwaka juzi niliitwa nikaambiwa nimekuwa meneja. Mshahara haukuguswa. Nilinunua keki na soda za ofisi nzima, tukapiga picha. Kifungu hicho nilikuja kukisoma keki imeshaliwa.

Wafadhili wetu wako New York. Kikao cha pamoja huanza saa 4 asubuhi kwao, muda mzuri kabisa, mtu ameshakunywa kahawa yake na watoto wako shuleni. Hapa Dar es Salaam inakuwa saa 11 jioni, na hapo bado unaweza kujikaza. Lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, na kikao, bila mtu kukigusa, kinahamia saa 12 jioni mpaka Machi. Sisi wa karibu na ikweta hatujawahi kugombana na jua. Linazama saa 12 na ushee kama lilivyowazamia babu zetu. Ila saa 12 jioni ndiyo saa ambayo nyumba yenye watoto wadogo hupamba moto. Wanaogeshwa, wanakula, wanapigana, wanakumbuka mambo ya shule. Niliwahi kuuliza kama kikao kingeweza kusogezwa. Nikajibiwa kwa upole kwamba muda haujabadilika, ni saa 4 ileile.

Mke wangu ni muuguzi. Akiwa zamu ya usiku anaondoka nyumbani jua likiwa bado juu, na wodini hakuna kitufe cha kuzima kamera. Dada anayetusaidia na watoto anatoka saa 11, kwa sababu saa 12 ana mazoezi ya kwaya, na mwenye kwaya ni Mungu. Siku moja nilimwomba abaki angalau saa moja.

“Kaka, si nilishakwambia muda wangu?” akasema huku anajifunga mtandio.

Wala hakupandisha sauti. Nikabaki mlangoni nimembeba mdogo, nikimtazama anavyoishilia kituoni, kwa wivu mtupu. Watu wazima tunaotegemewa na watoto hawa tuko watatu, na mwenye saa za kazi ni yeye peke yake. Tena mkataba wake ni wa mdomo.

Saa ya ziada haiokotwi barabarani. Wakiichukua kwangu, mimi nami naichukua kwa mwingine, na huyo mwingine kwa kawaida ni jirani yetu muuza vitumbua. Mama huyu amebeba sehemu kubwa ya programu yetu kwa miezi, akilisha wanangu vitumbua vya jana, bila kujua New York iko upande gani. Kwenye ripoti ya mwaka hayumo.

Najua wapo watakaosema mwanamume mzima amezidiwa na watoto wawili. Sheria niliyoitaja inampa baba siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa, mama 84. Nadhani Bunge liliamini kwamba ikifika siku ya nne baba anakuwa ameshaelewa kila kitu.

Basi hujipanga. Mkubwa, mwenye miaka sita, tunaandikiana: akinyamaza kikao kizima anapata chipsi. Mdogo ana miaka mitatu na haandikiani na mtu. Yeye namwekea Ubongo Kids kwenye televisheni, katuni zetu wenyewe, zinafundisha hesabu, nami nazishukuru. Taabu ni kwamba mdogo anaamini kila alichojifunza lazima kitangazwe papo hapo.

Wakati mmoja nilikuwa naeleza viashiria vya mafanikio vya robo mwaka, maiki wazi, ikaja sauti kutoka chooni: “Babaaa! Nimemalizaaa! Njoo unitawazeee!” Nikaendelea na viashiria. Sauti nayo ikaendelea, na ina nguvu kuliko intaneti yangu. Nikajifariji kwamba wa upande wa pili wote ni wageni wa lugha. Kumbe mkurugenzi mpya wa programu aliwahi kukaa Zanzibar akisoma Kiswahili.

“Nenda kamtawaze,” akasema, kwa matamshi safi ya Unguja. “Tutasubiri.”

Wakasubiri. Nilivyosikia baadaye, wengine walidhani ni tatizo la mitambo.

Halafu ukaja ufagio. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp mwalimu aliandika saa 12 na nusu jioni: kesho kila mtoto aje na ufagio wa chelewa, asiyekuwa nao abaki nyumbani. Mkubwa akaanza kulia kabla sijamaliza kumsomea. Fagio hizo zinauzwa na mama mmoja pale njia panda, na giza likishika anafunga. New York walikuwa wamefika kwenye bajeti yetu ya mwaka ujao. Nikavaa spika za masikioni, nikazima maiki, simu mfukoni, mdogo mabegani, mkubwa mkononi, tukatoka. Sasa, simu ikiwa mfukoni na mtoto mabegani anakupiga mateke mpaka usawa wa mfuko, hubonyezeka.

“Mama, ufagio bei gani?”

“Elfu mbili, baba.”

“Elfu mbili? Hiyo nyingi mno, punguza.”

“Vitu vimepanda.”

“Punguza hata nusu. Ukinipa nusu namaliza sasa hivi.”

Tulikubaliana elfu moja na mia mbili, na nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Muhtasari wa kikao ulifika asubuhi. Kipengele cha tano: ofisi ya Dar es Salaam imeeleza kwamba bajeti ya mwaka ujao ni kubwa mno, na imeomba ipunguzwe kwa nusu. Wafadhili wameupongeza moyo huo.

Nimeandika barua ya ufafanuzi. Ufagio umechukua aya mbili, na nimeambatanisha picha. Mkurugenzi amejibu kwamba amenielewa vizuri sana, ila jambo lililokwisha ingia kwenye muhtasari haliondolewi kwa barua. Lazima wahasibu wa pande zote wakutane. Kwa kuwa mmoja wao yuko California, muda unaowafaa wote ni saa 4 usiku wa huku. “Watoto watakuwa wamelala,” ameongeza, kwa Kiswahili. Ujumbe huo nimeusoma saa 5 usiku, mdogo amenikalia mapajani, macho makavu, anadai uji.